Mahakimu Vijana, Msikilizeni Asiye na Wakili

Watu wakizungumzia dhuluma ya mahakamani, mawazo yao hukimbilia kwenye rushwa. Hawakosei, kwani hakimu anayeuza hukumu ni mhalifu kuliko wengi anaowafunga. Lakini mimi niliyekalia kiti hicho tangu mahakama ya wilaya hadi Mahakama Kuu, nasema bila kusita kwamba nililoliona likiwaumiza watu wengi zaidi ni haraka. Ni hakimu mwaminifu, msomi, mchapakazi, ambaye shahidi wa pili hajashuka kizimbani naye moyoni ameshahukumu. Nyinyi mnaoanza kazi sasa, nawasihi mlitazame jambo hili mapema, kabla halijawa mazoea.

Katiba yetu haina kigugumizi hapa. Ibara ya 13, katika haki za msingi zilizoingizwa mwaka 1984, inampa kila mtu nafasi ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Na wenye dini walilijua hili zamani. Katika Qurani, Sura ya Sad, watu wawili walimwendea Nabii Daudi, mmoja akilalamika kwamba yeye ana kondoo mmoja na ndugu yake ana tisini na tisa, na bado anamtaka huyo mmoja. Daudi akatamka papo hapo kwamba amedhulumiwa. Kisha akatambua kuwa alikuwa akijaribiwa, akaanguka kusujudu na kuomba msamaha. Wako wafasiri wanaoeleza kwamba kosa lilikuwa kutamka kabla ya kumsikia wa pili. Ikiwa Nabii alijaribiwa hivyo, sembuse sisi wenye mafaili arobaini mezani na karani anayetuharakisha.

Hebu tazameni linalotokea kila siku. Shahidi wa Jamhuri amemaliza. Hakimu anamgeukia mshtakiwa: “Una swali kwa shahidi?” Mshtakiwa ni mvuvi au mchunga ng'ombe, hana wakili, na hajawahi kusimama mbele ya watu waliovaa suti nyeusi. Anaanza: “Mheshimiwa, huyu ni mwongo, usiku ule mimi nilikuwa Mwanza kwa dada yangu.” Hakimu anamkata: “Sijakuambia ujitetee, uliza swali!” Anajaribu tena, anakatwa tena. Mwishowe anasema, “Basi, sina swali.” Na kalamu inaandika hivyohivyo, kwamba mshtakiwa hakuwa na swali.

Maneno hayo machache yana uzito wa kutisha. Kwa sheria tunayoifuata, asiyemhoji shahidi juu ya jambo zito huhesabiwa kuwa amelikubali. Siku ya utetezi, huyu mtu atasema tena kwamba alikuwa Mwanza, na ataambiwa kwamba hilo amelizua baadaye, kwa kuwa shahidi alipokuwa kizimbani hakuulizwa. Majaji wa rufaa watasoma mwenendo wa shauri na hawatalikuta lile alilolisema mwanzo kabisa, kwa sababu halikuandikwa. Amesema kweli au uongo, sijui. Ila najua kwamba alisema, na mahakama ikamnyamazisha.

Dawa yake ni nyepesi. Geuzeni maelezo yake yawe swali: “Shahidi, mshtakiwa anasema usiku ule alikuwa Mwanza kwa dada yake. Unasemaje?” Andikeni swali, andikeni na jibu. Haimalizi dakika moja.

Wako watakaosema kwamba hakimu wa namna hiyo amekuwa wakili wa mshtakiwa. Nawaheshimu, lakini nawapinga. Sheria ya Ushahidi yenyewe inampa hakimu ruhusa ya kuuliza maswali ili ukweli upatikane. Kumsaidia mtu asikike hakumfanyi ashinde; jibu la shahidi huweza hata kummaliza kabisa.

Chukueni ushahidi wa kumtambua mtu usiku. Mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ikiwa bado changa, ilisema katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri kwamba ushahidi wa aina hii ni dhaifu, na usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kukosea umeondolewa. Ikataka ijulikane shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga gani, na kama alimfahamu kabla. Miaka yote hii imepita, na bado nimesoma mafaili yanayosema tu kwamba “kulikuwa na mwanga wa taa.” Taa ipi? Kibatari kilichowekwa sakafuni nyuma ya mtungi? Chemli ambayo kioo chake kimejaa masizi? Balbu ya sola? Au kurunzi, na kama ni kurunzi, nani aliishika? Jambazi akikumulika usoni unaona mwanga, yeye mwenyewe humwoni. Ulizeni chumba kilikuwa na ukubwa gani. Ulizeni kama majirani walipofika usiku uleule shahidi alimtaja mtu kwa jina, au jina lilikuja siku ya tatu, baada ya maneno ya kilabuni.

Na msidhani maswali haya ni neema kwa washtakiwa peke yao. Mama aliyekatwa panga akaibiwa akiba yake anayahitaji kuliko yeyote. Hakimu asipouliza habari za taa, hukumu yake itafutwa kwenye rufaa, na mama yule atakutana kisimani na mtu aliyemkata, akiwa huru, hata kama ni yeye kweli. Huyo mama amedhulumiwa mara mbili, na mara ya pili ni sisi tuliomdhulumu.

Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, kuna jambo jingine lisilo na udhuru tena. Shahidi ana haki ya kusomewa alichosema. Mwambieni kwamba anayo, kisha msomeeni taratibu, maana wengi hutikisa kichwa kwa kuwa wanataka kuwahi basi.

Mkimtia mtu hatiani, msiyataje mambo ya rufaa huku mmeshika faili linalofuata. Anayetoka mahakama ya wilaya kwenda gerezani ana siku 10 tu za kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa, na siku 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe. Siku hizo zinaanza kuhesabiwa yeye akiwa amepigwa bumbuwazi, amesikia neno “miaka thelathini” na mengine yote yamempita. Mpeni muda atulie. Mtajieni tarehe ya siku ya mwisho, mwambieni kwamba taarifa ataiandikia gerezani kwa msaada wa askari, kisha muulizeni arudie alichosikia. Na nakala ya hukumu itoke mapema, maana bila hiyo hawezi kuandika hata sababu moja ya rufaa yake.