Kile kitundu mkiani mwa ndege

Kama umewahi kupanda ndege kwa kutembea kwa miguu hadi kwenye ngazi, bila shaka umesikia ule mlio mkali unaokulazimu kupaza sauti ingawa injini za mabawani bado zimelala. Wengi hudhani rubani keshaanza kupasha injini moto. Sivyo. Mlio unatoka mkiani, kwenye kile kitundu kinachofanana na ekzosi. Humo mna injini ndogo ya jeti ambayo haisukumi ndege hata hatua moja. Mafundi huiita APU, na leo nataka kuitetea.

Injini kubwa ya ndege haiwaki kama ya matatu. Lazima kwanza izungushwe hadi ipate kasi, ndipo mafuta yaingizwe na kuwashwa. Kwenye ndege nyingi, kama Boeing 737 na Airbus A320, kinachoizungusha ni hewa iliyoshindiliwa kutoka APU, na APU yenyewe huamshwa na betri. Betri inamwamsha mdogo, mdogo anawaamsha wakubwa. Aliyewahi kuitazama tarakilishi ikiamka, programu ndogo ikiita kubwa yake hadi Linux itokee, ataelewa mpango huu mara moja. APU pia hutoa stima ya volti 115 kwa hezi 400 (si hezi 50 zetu za nyumbani, masafa hayo ya juu huwezesha jenereta na transfoma kuwa nyepesi) pamoja na hewa ya kuwapoza abiria. Boeing 727, iliyoruka mara ya kwanza 1963, ndiyo iliyotangulia kuwa na kifaa hiki miongoni mwa jeti za abiria, ili iweze kutumia viwanja vidogo visivyo na mashine za ardhini.

Siku hizi APU ina maadui. Inakunywa mafuta, inapiga kelele, inatoa moshi, na viwanja kama Zurich vimeweka masharti ya kuitumia. Hapo sina ugomvi: kama kuna waya wa stima na bomba la hewa pale ndege ilipoegeshwa, zima APU. Ninaobishana nao ni wale wanaosema ni mzigo tu, tena kwamba sheria yenyewe huruhusu ndege kuruka na APU mbovu, kwa masharti, kwa hivyo ya nini kuibeba?

Haya, turudi tarehe 15 Januari 2009, New York. Airbus A320 ya US Airways imegonga kundi la ndege-mwitu ikiwa futi kama 2,800 hivi na injini zote mbili zimepoteza nguvu. Kapteni Sullenberger akawasha APU karibu papo hapo. Orodha rasmi ya hatua za dharura iliiweka APU mbali chini, hatua ya 11, kwa sababu waliotunga orodha walimfikiria rubani aliye juu sana angani na mwenye muda. Yeye alikuwa na dakika tatu na nusu hivi. Wachunguzi wa Marekani, NTSB, waliusifu uamuzi huo: umeme haukukatika, na kompyuta za ndege zikaendelea kumlinda rubani asiipunguze mwendo kupita kiasi alipokuwa akiishusha mtoni Hudson. Watu 155, wote walitoka hai.

Nikiwa mwandishi wa programu, kinachonivutia hapo ni ule utofauti. Injini mbili zinazofanana, zilizo mbele, zilipatwa na jambo moja kwa wakati mmoja. Akiba ilikuwa ya aina nyingine na imekaa mahali pengine. Linganisha na 787. Mwaka 2015 FAA ya Marekani ilitoa amri juu ya vidhibiti vya jenereta vya ndege hiyo: vikikaa na umeme siku 248 mfululizo, programu yake hufurika na vyote vinne vinaweza kujizima pamoja. Piga hesabu: 2 kwa kipeo cha 31, ukihesabu mia moja kila sekunde, ni siku 248 na nusu. Jenereta nne, lakini kosa moja limenakiliwa mara nne! Dawa ya muda? Zima umeme wote na uwashe tena, angalau kila siku 120. (Nilicheka, kisha nikakumbuka nimewapa wateja ushauri huo huo.)

Sisemi APU ni malaika. Januari 2013 huko Boston, betri ya kuiamsha kwenye 787 ya Japan Airlines iliwaka moto ndege ikiwa imeegeshwa. Siku chache baadaye betri kuu ya 787 nyingine, ya aina ile ile, ikaharibika ikiwa angani Japan, na 787 zote duniani zikasimamishwa. Unaona? Ufanano tena.

Jambo la pili ni kwamba APU inafanya kazi kila siku. Ikiwa mgonjwa, fundi anajua asubuhi, chini. Kazini kwangu kwa kwanza tulikuwa na seva ya akiba iliyokaa pembeni miaka miwili bila kuguswa. Siku ile kubwa ilipokufa, ndipo tulipogundua kuwa ya akiba ilikuwa ikinakili faili tupu. Na tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, jenereta ya jengo la abiria JKIA ilikataa kuwaka, waziri akalazimika kuomba radhi. Wakati huo, ndege yenye APU nzima haikuhitaji kumsubiri mtu.

Kwa hivyo mkitaka kupunguza moshi, wekeni waya na mabomba kila maegesho, na hiyo orodha ya dharura ipangwe upya kwa rubani asiye na muda. Kitundu mkiani kiacheni.

Bado sijagusa ile propela ndogo inayochomoza kwenye ndege kila kitu kikizimika, APU ikiwemo. Hiyo ni ya siku nyingine.