Kutoa Zebaki Menoni Si Kazi ya Pupa

Siku hizi, katika zaidi ya chumba kimoja cha walimu, nimeulizwa swali ambalo zamani halikusikika: je, yafaa mtu atolewe vile vizibo vya rangi ya fedha alivyozibwa meno akiwa mwanafunzi? Wanaouliza wamesikia kwamba vina zebaki, na kwamba zebaki ni sumu. Yote mawili ni kweli. Ila juu ya kweli hizo mbili imejengwa biashara ya hofu.

Kizibo hicho huitwa amalgamu. Takriban nusu ya uzito wake ni zebaki, na iliyosalia ni fedha, bati na shaba. Ugomvi juu yake haukuanza jana. Huko Marekani, chama cha madaktari wa meno kilichoundwa mwaka wa 1840 kiliwataka wanachama wake waahidi kutoitumia kamwe, na mzozo huo ukachangia kukisambaratisha chama chenyewe mwaka wa 1856. Mwaka wa 1996, daktari Hal Huggins wa jimbo la Colorado, aliyevuma kwa kuwatoa wagonjwa vizibo akidai kuwa vinaleta maradhi mazito, alipokonywa leseni.

Wanafunzi wa kemia wanajua kwamba zebaki hugeuka mvuke polepole hata bila kutiwa motoni. Mtu akimeza tone lake, tumbo hufyonza kidogo mno. Akivuta mvuke wake, mapafu hupokea takriban asilimia 80. Hatari basi imo katika pumzi. Kizibo kilichotulia jinoni hutoa mvuke haba. Uchunguzi wa watoto wa Marekani na Ureno, uliotangazwa mwaka wa 2006 baada ya kuwafuatilia kwa miaka kadhaa, haukuona tofauti ya akili baina ya waliozibwa kwa amalgamu na waliozibwa kwa vitu vingine. Mnamo 2020 idara ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya tiba iliwashauri wajawazito, wanaonyonyesha, watoto wadogo na wenye maradhi ya figo au mishipa ya fahamu waepuke kutiwa amalgamu mpya inapowezekana. Papo hapo ikaonya kwamba kizibo kizima kisitolewe bila sababu ya kitabibu, maana kukitoa ndiko kunakozidisha mvuke.

Mwalimu mmoja rafiki yangu alinijia akiwa na fomu ya mkopo wa chama cha ushirika. Alikuwa ameambiwa katika kliniki moja kwamba uchovu wake wote watokana na vizibo sita, na kwamba vyote vitolewe kwa mkupuo mmoja. Hakupimwa damu wala hakuulizwa hulala saa ngapi, naye husahihisha madaftari hadi usiku wa manane! Nilimshauri aiweke fomu hiyo kabatini, kwanza aende kwa daktari wa kawaida.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaowacheka madaktari wa meno wanaofuata tiba ya mwili mzima, wale washikiliao kwamba kinywa hakitenganishwi na viungo vingine. Katika jambo moja wametangulia, nalo ni tahadhari. Kizibo kikivunjika, au jino likioza chini yake, hakuna budi kukitoa. Na hapo namna ya kukitoa ina uzito. Daktari makini hutandaza kipande cha mpira mwembamba kuzunguka jino ili vipande visianguke kooni. Hukikata kizibo mapande makubwa na kuyainua, badala ya kukisaga kikawa vumbi. Humwaga maji baridi mfululizo, kwa sababu joto la keekee ndilo linaloamsha mvuke, huku bomba lenye nguvu likifyonza karibu kabisa na jino. Dirisha huwa wazi au feni inafanya kazi. Wengine humwekea mgonjwa hewa safi puani. Na tusimsahau msaidizi wa daktari: mgonjwa hukaa kitini mara moja, yeye husimama pale mwaka mzima.

Vile vipande huenda wapi? Vikimiminwa sinkini huishia kwenye mitaro na mito, ambako vijidudu vinaweza kuigeuza zebaki kuwa sumu kali zaidi inayojikusanya katika samaki. Aina hiyo ya sumu, iliyotoka kiwandani, ndiyo iliyowaangamiza watu wa Minamata huko Japani, na ugonjwa wao ukatambuliwa rasmi mwaka wa 1956. Mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki umepewa jina la mji huo. Uamuzi wa kuanza mazungumzo yake ulipitishwa hapa Nairobi Februari 2009, na Kenya ikawa miongoni mwa waliotia sahihi Oktoba 2013. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya kawaida ya amalgamu kuanzia Januari 2025, na Novemba mwaka huo mataifa ya mkataba yalikubaliana mjini Geneva kuikomesha ifikapo 2034.

Lakini marufuku hayo hayagusi kilichomo vinywani tayari. Kwa miaka mingi baada ya 2034 madaktari wetu watakuwa wakitoa amalgamu ambayo hawaitii tena. Kwa nini basi mpira, bomba la kufyonza na kichungio cha kunasa vipande viwe anasa ya mwenye pesa katika kliniki ya kifahari? Ingefaa kaunti zianze kuvinunulia hospitali za umma vifaa hivyo, pamoja na debe lenye kifuniko la kuwekea taka za zebaki. Na walimu wa sayansi, ambao wengi wao bado wana vipimajoto vya zebaki katika makabati ya maabara, waulize taka hizo zitachukuliwa na nani, na lini.