Mitambo ikaguliwe kwa tarehe, si kwa bahati

Natoa maoni yangu kuhusu matengenezo ya mitambo ya umeme nchini.

Sisi wakazi wa Mpanda kwa miaka mingi tuliwashiwa taa na jenereta za dizeli. Tunafahamu fika tofauti ya umeme kuzimwa kwa matengenezo yaliyotangazwa, na umeme kuzimika kwa sababu mtambo umekufa. La kwanza ni usumbufu wa muda. La pili ni hasara ambayo hakuna anayejua mwisho wake.

Wapo wanaouliza, mtambo unaozunguka vizuri unazimwa wa nini? Jibu ni kwamba kutu haipigi hodi. Tuchukue mfano wa vituo vya nyuklia. Humo joto la kinu huchemsha maji, na mvuke wake huzungusha turbaini. Unyevu wa mvuke huo hula chuma polepole, na chuma kinachovutwa kwa nguvu kubwa hupata ufa usioonekana kwa macho. Septemba 1969, katika kituo cha Hinkley Point A huko Uingereza, gurudumu la turbaini lilipasuka likiwa linazunguka kutokana na ufa wa namna hiyo.

Ukaguzi nao usiwe wa kulipua. Desemba 2005, katika kituo cha Koeberg, Afrika Kusini, bolti moja iliyosahaulika ndani ya jenereta iliiharibu vibaya. Kipuri kikubwa kilibidi kitoke Ufaransa, na wananchi wa Cape Town na jirani wakaonja mgawo wa umeme mwanzoni mwa 2006. Ufaransa yenyewe, mwaka 2022, ilizima vinu vingi kwa wakati mmoja, vingine kwa ajili ya kusaka kutu katika mabomba na vingine kwa matengenezo ya kawaida. Hapo tunajifunza kwamba zamu za ukaguzi zikirundikana, taifa zima linaumia.

Sisi hatuna kituo cha nyuklia. Turbaini zetu kubwa huzungushwa na maji au gesi. Lakini za maji nazo zina adui zao: mchanga, kutu, na mapovu ya maji yanayochimba chuma. Kidatu inafanya kazi tangu 1975. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kutoa umeme mwaka 2024, lina mitambo 9, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Mitambo hiyo ikiwa mipya ndipo mahali pa kujenga mazoea mema. Ukizimwa mmoja kwa zamu, inabaki 8 yenye uwezo wa megawati 1,880. Hatuna tena kisingizio tulichokuwa nacho zamani, kwamba kuzima mtambo mmoja ni kuitia nchi gizani.

Ndugu Mhariri, tatizo la kuahirisha si la mafundi peke yao. Umeme ulipokuwa ukikatika mwaka 2021 na 2022, ulizuka ubishi nchini kama matengenezo yaliahirishwa miaka iliyotangulia ili taa zisizimike. Sina haja ya kuufufua. Ninachosema ni kwamba kiongozi husifiwa taa zinapowaka, lakini hakuna anayesifiwa kwa ajali ambayo haikutokea. Sisi wananchi ndio tunaopiga kelele umeme ukizimwa saa sita tu.

Nasema haya kwa sababu nami nimekosa. Kijijini kwetu tulikuwa na pampu ya mkono, na fundi alipaswa kuikagua kila baada ya miezi 6. Katika kamati ya maji tulisema, "Maji yanatoka, fedha zingoje." Nami nilinyoosha mkono kukubali. Agosti, katikati ya kiangazi, bomba lililoliwa na kutu lilikatika na kutumbukia kisimani. Wasichana wangu wa darasa la saba wakawa wanafika shuleni saa 4 asubuhi baada ya kufuata maji mbali, na mtihani ulikuwa Septemba. Fedha tulizozibana hazikutosha hata robo ya gharama.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, ratiba ya ukaguzi wa kila mtambo mkubwa itangazwe kwa wananchi kila mwaka. Pili, anayeahirisha ukaguzi aandike sababu na kutia sahihi. Tatu, fungu la vipuri lisiguswe kwa shughuli nyingine.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Je, wahusika mnasemaje?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mpanda, Katavi.