Chokaa Kwenye Nyumba ya Kupanga si Ujinga

Wiki iliyopita, nikiwa katika kutafuta habari kwenye kartie ya Kasenga, nilikuta mama mmoja anapaka chokaa kuta za chumba anachopanga. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa Kavimvira, karibu na ziwa. Maji yaliingia mwaka 2024, akatoka na watoto, magodoro mawili na vile vitambaa vyeupe vya kusuka ambavyo mama zetu hufunika navyo viti vya sebuleni. Jirani alikuwa mlangoni anamcheka: "Mama, nyumba ni ya watu. Unampambia bayeri?"

Mama hakujibu. Alichovya burashi tena, akaendelea.

Ndugu wasikilizaji, swali la yule jirani wengi wetu tumeliuliza. Uvira imejaa watu walio katika nyumba zisizo zao. Kuna waliobomolewa nyumba na mito usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, wakati Mulongwe ilipofurika. Kuna waliofukuzwa na ziwa. Kuna waliokimbia vita tangu Kamanyola na Luvungi. Je, mtu wa namna hiyo apoteze pesa kwa rangi ya ukuta? Mimi nasema: mama ana haki ya kupaka. Jirani naye ana neno lake, nami nitalifikia.

Tuanze na mwanga. Vyumba vingi tunavyopangishwa vina mlango mmoja, dirisha dogo, na juu ni manjanja. Ukuta wa matofali mabichi au wa udongo unameza mwanga wote. Saa nane mchana mtoto anashika daftari mlangoni kwa sababu ndani haoni. Ukuta mweupe unarudisha mwanga ule mdogo unaoingia, unautupa hadi kwenye kona. Hata usiku, umeme ukikatika, taa moja ndogo ya sola inatosha mahali ambapo jana zilihitajika mbili. Mtu asituambie kwamba hayo ni mapambo ya matajiri.

Jambo hilo wenzetu wa pwani walilijua zamani. Nyumba za mawe za Lamu, kule Kenya, zina vyumba virefu vya ndani ambavyo jua haliviingii moja kwa moja. Kuta zake zilipigwa chokaa nyeupe ili mwanga wa uani ufike hadi nyuma. Chokaa yenyewe waliipata kwa kuchoma mawe ya matumbawe ya baharini. Hawakuhitaji rangi ya dukani.

Pili ni usafi. Watu wanasema nyeupe inachafuka. Hapana, nyeupe inaonyesha uchafu uliokuwepo tayari. Mbu akitua unamwona. Unyevu ukianza kupanda kutoka chini unauona mapema. Chokaa yenyewe ni kali, na ukungu haupendi kuota juu yake. Lakini tusidanganyane: chokaa ya ukutani haizuii kolera. Kolera tunaizuia kwa maji safi, choo na kunawa mikono.

Kuhusu watoto na masizi ya makala, angalieni shule zetu. Sehemu ya chini ya ukuta, hadi kwenye bega la mtoto, hupakwa rangi ya udongo au ya kijivu, na juu huachwa nyeupe. Nyumbani tunaweza kufanya hivyo hivyo. Udongo mwekundu uliochujwa vizuri unatosha kwa ule ukanda wa chini. Rangi hizo za upole hazigombani na kitu: kitenge cha pazia, mkeka, hata viti vya plastiki vya rangi tofauti vinakaa pamoja bila kelele.

Sasa kazi yenyewe. Nyumba iliyoingiwa na maji isipakwe haraka. Acha mlango wazi, ukuta ukauke, kwangua chumvi inayotoka kama unga. Usipake rangi ya mafuta kwenye ukuta wenye unyevu: inafunga maji ndani, halafu inavimba na kubanduka. Chokaa inauacha ukuta upumue. Chuja chokaa, ikoroge iwe nyepesi kama maziwa, ongeza chumvi kidogo ili ishike. Lowesha ukuta, paka mikono miwili au mitatu myembamba, ukisubiri kila mmoja ukauke. Linda macho na ngozi, inaunguza. Watoto wakae mbali. Na kama ukuta una rangi ya mafuta tayari, chokaa haitashika.

Kama ziwa bado linafika mlangoni kwako, usipake kitu. Pesa hiyo iwe ya kuhama. Wazee wetu wanakumbuka ziwa lilivyopanda miaka ya 1960, na maji hayakuondoka kwa mwezi mmoja.

Sasa neno la jirani. Mimi mwenyewe niliwahi kupaka chumba nilichokuwa napanga. Mwezi wa tatu bayeri akaja, akatazama kuta, akasema nyumba imekuwa nzuri, kwa hiyo bei inapanda. Nililipa miezi miwili, nikahama. Aliyeingia baada yangu alikuta chokaa yangu. Basi jirani hakukosea kuogopa. Amekosea tu kumcheka mama badala ya kumuuliza bayeri.

Kwa hiyo, wapangaji: kabla ya kununua chokaa, zungumza na bayeri. Mwandike karatasi, hata ya daftari, inayosema gharama itakatwa kwenye bei ya mwezi au bei haitapanda kwa muda fulani. Shefu wa avenyu awe shahidi.

Na nyinyi mabayeri, dada na kaka zetu: sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi 3. Mnajua kinachoombwa hapa mjini. Mtu aliyefika na godoro kichwani akikutengenezea ukuta wako, ni faida yako kwa miaka. Usimwadhibu kwa hiyo.

Nilipokuwa naondoka Kasenga, mama alikuwa amemaliza ukuta mmoja. Alitandika kitambaa kimoja cheupe juu ya bido iliyogeuzwa kuwa meza, akamwambia mtoto aingize daftari ndani. Mtoto aliingia, akakaa, akaanza kuandika.