Kabla Hujachangisha Pesa za Dawa, Piga *147#



Kijana mwenzangu, fungua grupu yoyote ya WhatsApp ya familia yenu au ya mtaa. Iwe ni Kisauni, Likoni, Majengo ya Nairobi, Garissa au Lamu, wiki haipiti bila ujumbe wa kuchangisha pesa za dawa. Picha ya karatasi ya daktari, namba ya M-Pesa, na maneno "tunaomba chochote, hata shilingi hamsini." Tunachanga, alhamdulillah. Mwezi ujao ujumbe ule ule umerudi, maana presha na sukari haziishi kwa mchango mmoja. Dawa zake ni za kila siku. Na mchango ukichelewa bimkubwa hakwambii kitu, anakata kidonge nusu ili kifike Ijumaa.

(Na hapo hapo, tafadhali: kupiga picha kadi ya kliniki ya mzee, na jina lake, na namba ya kitambulisho, ukairusha kwa grupu ya watu mia mbili, si sawa. Ugonjwa wa mtu ni siri yake, na tangu 2019 tuna sheria ya kulinda data inayosema hivyo pia. Funika hizo namba kwanza.)

Kuchanga ni ibada na hakuna anayekukataza. Lakini kuna kitu serikali inadaiwa na huyo mzee kabla wewe hujatoa hamsini yako. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachowezekana. Kifungu hicho hicho kinasema serikali itawapa hifadhi ya jamii wale wasioweza kujikimu. Kwa hivyo mtu maskini akiomba dawa kwa serikali, haombi kwa huruma ya mtu. Anadai deni.

Sasa deni lenyewe linadaiwaje? Hapa ndipo wengi wetu tunapotea, na naona hata wanaojua kupiga domo sana kuhusu SHA hawajui hili. NHIF iliyokuwepo tangu 1966 iliondolewa na sheria ya mwaka 2023, na SHA ikaanza kazi Oktoba 1, 2024. Ndani yake kuna mifuko mitatu. Kuna Mfuko wa Afya ya Msingi, unaolipia huduma za zahanati na vituo vya afya, yaani levo ya 2 na ya 3. Kuna SHIF, ule wa michango, unaolipia hasa mgonjwa akilazwa hospitali kubwa. Na kuna mfuko wa dharura na magonjwa sugu, unaoingia pale SHIF inapofika mwisho.

Shika hili vizuri: mfuko wa kwanza haudai mchango. Unadai usajili tu. Mzee aliyesajiliwa, hata kama hajawahi kulipa shilingi moja, ana haki ya kutibiwa kwenye zahanati ya levo ya 2 au kituo cha levo ya 3 kilicho na mkataba na SHA, na kupewa dawa zilizopo bila kulipa. Lakini ukiuliza barazani utaambiwa "mimi sijalipa SHA, nitaendaje?" Basi anapanda matatu mpaka hospitali kubwa ya kaunti, anapanga foleni tangu alfajiri, anaonwa na daktari, halazwi, na anaambiwa dawa anunue nje. Huduma ya kuonwa na kurudi nyumbani kwenye hospitali kubwa mara nyingi inatoka mfukoni mwako. Kwa hivyo kama hali ya mzee imetulia na anahitaji tu dawa zake za mwezi, muulize daktari wa hospitali kubwa kama anaweza kuandikiwa aendelee kufuatiliwa kwenye kituo cha afya cha karibu. Daktari ndiye aamue, si wewe. Lakini usipouliza hakuna atakayekufikiria.

Kusajili ni bure. Unapiga *147# au unaingia kwenye tovuti ya Afya Yangu, unaweka namba ya kitambulisho, kisha unaongeza mke au mume na watoto. Pale saiba unaweza kulipia kazi ya yule kijana wa kompyuta, lakini usajili wenyewe hauna ada, na anayekudai "ya SHA" anakula pesa yako. Usimpe mtu PIN ya M-Pesa ya nyanya eti anamsaidia. Wewe mwenyewe una simu, una macho, una dakika kumi.

Lakini haya yote yanaanza na kitambulisho, na hapo ndipo jambo la dawa linageuka kuwa jambo letu la miaka yote. Wanubi, Wasomali wa kaskazini, watu wa Pwani wenye majina ya Kiarabu, sote tunajua kupigwa msasa maana yake nini: wenzako wanapeleka karatasi mbili, wewe unaulizwa babu yako alizaliwa wapi. Wapemba wa Kilifi na Kwale walitambuliwa kuwa Wakenya mwaka 2023 tu, baada ya miaka mingi ya kuishi hapa bila karatasi. Februari 2025 Rais alitia sahihi, akiwa Wajir, tangazo la kuondoa ule msasa wa kibaguzi. Tulishangilia. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha karani wa ofisi ya mashinani naye amesikia. Mtu asiye na kitambulisho leo hakosi kura peke yake, anakosa na vidonge. Ukimjua mzee wa namna hiyo, usisubiri augue. Mpeleke kuomba sasa, na akikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 kinakupa haki hiyo, na neno "maandishi" lina namna ya kumfanya afisa akae vizuri kwenye kiti.

Tuje kwa pesa. Kwa asiye na mshahara, SHA inatumia maswali kukisia uwezo wake: nyumba imejengwa kwa nini, maji yanatoka wapi, choo cha aina gani, mnapikia nini, mko wangapi. Kisha mfumo unatoa kiasi. Cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi.

Mimi nina tatizo na maswali hayo, na nadhani wewe pia ungekuwa nalo ukiyatazama ukiwa umekaa Mji wa Kale au Lamu. Nyumba ya mawe ya urithi, ukuta mnene, paa zuri, wamerithi ndugu wanane na hakuna hata mmoja mwenye kazi ya maana. Kwa jicho la mfumo, hapo anakaa tajiri. Ndani kuna mjane anayeuza mabuyu na achari. Nenda Wajir au Mandera: mtu alikuwa na mifugo, ukame wa 2020 mpaka 2023 ukaimaliza, lakini jina la mfugaji bado analo. Umaskini wa watu wetu mara nyingi haukai kwenye ukuta, unakaa kwenye sufuria. Kwa hivyo wakati mzee anajaziwa hayo maswali, kaa naye. Usiache ajibiwe na jirani, na usiruhusu aone haya. Wazee wetu wana haya ya kusema "sina." Akiulizwa kama wanakula mara tatu atasema ndiyo, kwa sababu aibu ya mgeni kujua ni kubwa kuliko njaa yenyewe. Jibu liwe la kweli, si la kujisitiri. Wala usimdanganyie upande wa pili. Uongo wa kujifanya fukara unamnyima fukara wa kweli.

Kiasi kikitoka kikubwa kupita uwezo, usinyamaze ukaacha. Piga 147, simu haikatwi pesa, ulize na uandike tarehe na jina la aliyekujibu. Wahudumu wa afya wa jamii, wale wenye mkoba wanaozunguka majumbani, wapo pia kwa kazi hii. Vilevile mwaka 2025 serikali ilitangaza kwamba itawalipia michango watu milioni 2.2 wasiojiweza. Nenda kwa chifu ukaulize: mtaa huu nani yumo, na vigezo vilikuwa vipi? Usiulize kwa ugomvi. Uliza kwa barua.

Kinachoniudhi zaidi ni namna ya kulipa. Enzi za NHIF, mama mboga alilipa 500 kila mwezi. Sasa asiye na mshahara anatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo, yaani hata yule wa chini kabisa atafute 3,600 pamoja. Mzee anayepokea Inua Jamii anapata 2,000 kwa mwezi, ikija. Hesabu mwenyewe: karibu miezi miwili asile. Jibu la serikali likawa mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambao kimsingi ni mkopo. Sisi Waislamu tunajua swali la kwanza la kuuliza kwa mkopo wowote. Hustler Fund ilipozinduliwa Novemba 2022 ilikuja na riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na viongozi wetu walilalamika. Kabla hujamwekea nyanya yako kidole kwenye mkopo wa bima, uliza kuna nyongeza au hakuna, na umuulize na maalim wako. Lakini tusiishie kwa fatwa. Dai letu kwa serikali linafaa liwe jepesi kueleweka: mruhusuni maskini alipe 300 zake kila mwezi, bila mkopo, kama mwenye mshahara anavyokatwa kila mwezi. Kwa nini mwenye kidogo ndiye alipe kwa mkupuo?

Na hapa kamati za misikiti zina la kufikiria. Shilingi 3,600 ni pesa ndogo kuliko kitanda cha hospitali kwa siku chache. Badala ya kusubiri mtu alazwe ndipo tutembeze ndoo baada ya swala, msikiti unaweza kutafuta familia kumi zisizojiweza na kuwalipia mwaka mapema. Kama ni zakat au sadaka, masheikh wenu wawaongoze. Ila isiwe kisingizio cha serikali kukaa kando. Risiti zitunzwe, na majina ya hao watu yapelekwe kwa chifu yakitakiwa yalipiwe na serikali mwaka unaofuata.

Umesajili, umefika zahanati, muuguzi mpole anakwambia: "Dawa hakuna, nunua nje." Kila kijana anayesoma hapa analijua sentensi hili. Muuguzi si adui yako, usimtukane na usimrekodi video. Dawa za zahanati hununuliwa na kaunti, kwa kawaida kutoka KEMSA, na kaunti isipoagiza au isipolipa, rafu inakauka. Tangu sheria ya 2023 ya mapato ya vituo vya afya, pesa ambazo kituo kinapata zinatakiwa zibaki kituoni kukiboresha, na kituo kina kamati yenye wakazi wa hapo hapo. Unamjua hata mmoja wao? Mimi nikiuliza vijana swali hili, naona wanajua wachezaji wote wa Arsenal.

Fanya hivi. Mwombe muuguzi aandike kwenye karatasi ya dawa kwamba haikuwepo, na tarehe. Nakili. Wakipatikana wagonjwa ishirini wa mtaa mmoja wenye karatasi kama hizo, hamna tena malalamiko, mna ushahidi. Andika barua kwa idara ya afya ya kaunti, mtaje Kifungu cha 35 na Sheria ya Kupata Habari ya 2016: dawa gani za presha na sukari ziliagizwa kwa kituo hiki, lini, na zilifika lini? Wana siku 21 za kujibu. Wakinyamaza, peleka kwa Ombudsman. Nakala moja kwa mwakilishi wa wadi, maana makadirio ya bajeti ya kaunti yanatakiwa kufika bunge la kaunti kabla ya Aprili 30, na vikao vya maoni ya umma ndivyo hivyo ambavyo huwa tunaviachia wazee watatu na watu wa soda.

Mpaka dawa zifike, mzee asikae bila. Ukilazimika kununua, mwombe daktari aandike jina la dawa yenyewe, kama metformini au amlodipini, si jina la kampuni. Kisha dukani uliza ya bei nafuu yenye kiungo hicho hicho, kwenye duka lenye mfamasia aliyesajiliwa. Tofauti ya bei utaiona mwenyewe. Na asipunguze dozi kwa kukisia, hasa tunapokaribia Ramadhani. Aonane na daktari mapema apangiwe saa za kumeza, au aambiwe wazi kama hafai kufunga.

Ijumaa hii baada ya swala, mwombeni imamu robo saa. Vijana watano wenye simu zenye chaji wakae barazani, wazee waje na vitambulisho vyao. Akina mama wawe na dada zao wa kuwahudumia upande wao. Andikeni wangapi wamesajiliwa, wangapi hawana kitambulisho, wangapi waliambiwa dawa hakuna na ni zahanati ipi. Tutumieni hiyo hesabu inbox, bila majina ya wagonjwa, na barua mliyoandika kaunti tuisaidie kuisukuma.