Jicho la Mashine Lahitaji Mizani Yake

Kanda ya Ziwa ndiyo inayolima sehemu kubwa kabisa ya pamba ya Tanzania. Hata hivyo, pamba hiyo kwa wingi husafirishwa nje ikiwa bado nyuzi ghafi, nasi tukarudishiwa nguo. Hali hii haikuanza jana. Kiwanda cha nguo cha Mwatex, kilichojengwa hapa Mwanza katika miaka ya 1960, kilikusudiwa kuikomesha. Kikayumba katika miaka ya 1980, na hatimaye kikabinafsishwa. Mkakati wa Pamba hadi Mavazi, wa mwaka 2016 hadi 2020, nao uliirudia shabaha ile ile.

Katika mjadala huu husemwa sana juu ya mitaji, umeme na kodi. Jambo moja husahauliwa, nalo ni ubora wa chapa. Mama anayenunua khanga katika soko la Kirumba haulizi mtaji wa kiwanda. Huikunjua doti, akatazama kama pindo limenyooka, kama rangi ya mji imetulia, na kama jina lasomeka. Neno "asali" likipoteza herufi yake ya kwanza hubaki "sali", na khanga ikawa imesema jambo jingine kabisa. Mnunuzi huyo huirudisha mezani, akachukua iliyotoka ng'ambo.

Yafaa tuelewe kasoro hizo zinavyotokea. Katika uchapaji wa nguo kila rangi huwa na skrini yake. Skrini moja ikisogea milimita moja tu, nyekundu huiacha nyeusi, na ua hutoka na kivuli kisichotakiwa. Kitambaa kikipita kwa kasi ya mita 50 kwa dakika, kila dakika ya kuchelewa kuiona kasoro huharibu zaidi ya doti 15. Tangu zamani kazi ya kuiona ilikuwa ya mkaguzi aliyesimama mbele ya meza yenye taa. Mkaguzi huyo ni mtu stadi, lakini jicho la binadamu huchoka, hasa katika zamu ya usiku.

Ndiyo sababu viwanda vingi duniani vimeweka kamera juu ya kitambaa. Kamera hupiga picha mfululizo, kompyuta ikazilinganisha na picha ya sampuli iliyokubaliwa, na tofauti ikizidi kiasi kilichowekwa, mashine hutoa ishara au husimama. Faida yake ni dhahiri: kasoro hukamatwa ikiwa bado changa, na rangi, maji na pamba haviendi bure.

Lakini hapana budi tuonye. Mashine hii haijui uzuri wala ubaya. Hujua kulinganisha tu. Sampuli ikiwa na kasoro, itaipitisha kasoro hiyo mara elfu bila kusita. Taa yake ikififia kwa uzee, au vumbi la pamba likitanda juu ya lenzi, itaiona nyekundu kuwa hudhurungi na kuikataa nguo nzuri. Kitambaa kikivutika kidogo, itadhani pindo limehama. Kwa hiyo yahitaji ugezi, yaani kulinganishwa kila mara na kipimo kinachoaminika: kigae cheupe cha kupimia rangi, rula ya kuhakikisha milimita, na taa ya kiwango kinachojulikana. Mashine isiyofanyiwa ugezi ni sawa na mizani ya mlanguzi: hutoa tarakimu, lakini haitoi haki.

Tena kuna swali la nani huweka kiasi cha kuvumilia kasoro. Kikibana mno, nguo njema hutupwa na gharama humwangukia mnunuzi. Kikilegea mno, ukaguzi wote huwa mapambo. Uamuzi huo haufai kuachiwa muuzaji wa mashine aliye mbali, asiyejua doti ni nini. Nchi yetu ina Shirika la Viwango, TBS, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Viwango vya nguo na vyeti vya ugezi ni kazi iliyo katika mamlaka yake, na yatupasa kudai kwamba huduma hiyo imfikie mwenye kiwanda wa Nyakato kwa wepesi ule ule unaomfikia wa Dar es Salaam.

Na mkaguzi wa zamani afanywe nini? Wako wanaosema kwamba kamera ikiingia, yeye atoke. Hilo ni kosa la hesabu kabla ya kuwa kosa la utu. Ni nani atakayechagua sampuli safi, kama si yule aliyetazama khanga kwa miaka 20? Ni nani atakayetambua kwamba mashine yenyewe ndiyo iliyokosea? Mtu huyo apelekwe kusoma. VETA ipo hapa Mwanza, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha uhandisi wa nguo. Elimu ya ugezi iongezwe juu ya ujuzi wa macho yake.

Kwa hiyo, kiwanda kitakachonunua kamera kinunue pia vipimo vyake, kitenge saa za ugezi katika kila zamu, na kimweke mtu mwenye mamlaka ya kuisimamisha mashine. Bila hayo, pamba ya mkulima wetu itaendelea kuharibika mbele ya jicho la kamera lisilofumba wala kuona.