'Nervous' si wasiwasi



Mtoto wa Same huongea Chasu kwa bibi yake, Kiswahili mtaani, husoma Kiarabu madrasa, na akifika kidato cha kwanza hukuta karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Si ajabu maneno yakagongana. Leo tuna moja: 'nervous'.

Wengi wetu hulifasiri "mwenye wasiwasi". Kwa mtihani wa Kiingereza yatosha. Lakini mwanafunzi aliyehifadhi Surat an-Nas anajua wasiwasi hutoka kwa nani. Basi kijana anayetetemeka kabla ya kusoma Qur'ani mbele ya wazee siku ya Maulidi hudhani imani yake ina kasoro, na mwaka unaofuata hajiandikishi. Hilo ndilo linalotuuma.

Tufungue Surat Taha. Aya ya 120 inataja wasiwasi, na anayeutia ni Shetani, kwa Nabii Adam (a.s.). Lakini aya ya 67, wachawi wa Firauni walipokwisha tupa kamba na fimbo zao, Nabii Musa (a.s.) alihisi khofu nafsini mwake. Neno lililotumika hapo ni khifa, wala hakukemewa, aliambiwa asiogope. Na kabla ya hapo, alipotumwa kwa Firauni, aliomba akunjuliwe kifua na lifunguliwe fundo la ulimi wake. Kifua na ulimi! Muulizeni kijana yeyote aliyewahi kusimama mbele ya kipaza sauti.

Waingereza wenyewe neno hili limewageuka. Asili yake ni Kilatini, kano au mshipa. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 ilitanguliza maana ya mwenye kano imara, mwenye nguvu. Udhaifu wa neva ikauweka mwishoni, kama msemo wa matabibu. Leo ule wa mwisho ndio uliotawala. Nasi tunacho kiherehere: zamani kiherehere cha moyo kilikuwa moyo kudunda kwa hofu, leo ukimwambia mtu ana kiherehere mtagombana.

Kwa hiyo 'I am nervous about the exam' sisi tungeiandika "mtihani umenitia hofu", au kwa lugha ya mtaani, "roho yangu iko juu". Na mzazi ambaye mwanawe anatetemeka nyuma ya pazia asimwambie kuwa hayo ni ya Shetani. Ampe maji anywe, aitwe jina, apande jukwaani asome.